Nani huruhusiwa kukaa kwenye mkeka? Elimu ya Kiislamu na mabadiliko ya jamii za pwani yetu

Mwanzisha uzi

Assalaamu alaykum wanajamvi, pamoja na salamu za heshima kwa wasomaji ambao si Waislamu.

Nimeuandika uzi huu baada ya kufuatilia mijadala mingi kuhusu madrasa, ambayo karibu yote huishia pale pale. Upande mmoja husema madrasa ni mahali pa kuwakaririsha watoto maneno wasiyoyaelewa, na upande wa pili hujibu kwamba bila madrasa maadili yangekuwa yamekwisha zamani. Mimi nimekaa kwenye vyuo vya Kurani tangu nikiwa na umri wa miaka mitano, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu wa jioni, na kwa muda wote huo lililonisumbua ni swali jingine: nani huruhusiwa kukaa kwenye mkeka? Nimeipekua historia ya pwani kadiri nilivyoweza, na ninachokiona ni kwamba elimu ya Kiislamu iliibadilisha jamii yetu kila ilipomkaribisha mtu aliyekuwa akizuiwa mlangoni, na ilidumaa kila ilipogeuzwa kuwa mali ya wachache. Naomba nieleze kwa mifano, kisha nanyi mnikosoe.

Nianze na Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 mji ule ulikuwa na ngazi zake. Juu walikaa wangwana, yaani watu huru wa koo kubwa, wa nyumba za mawe, chini wakawa watumwa na wazao wao, na baina yao wageni wa kila aina waliojisitiri katika vibanda vya makuti upande wa Langoni. Elimu ya dini nayo ilipanda na kushuka kwa ngazi hizo hizo: fiqhi (sheria za dini), nahau na tafsiri vilisomwa ndani ya familia kubwa, na mtumwa alilazimika kutosheka na sura fupi za kumwezesha kusali. Ndipo akatokea kijana sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, kutoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, Saleh bin Alawi wa ukoo wa Jamalilil, ambaye watu wa Lamu hadi leo humwita Habib Saleh. Alisoma kwa masheikh wa mji, kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawakulipenda. Alihamia Langoni, akakaa na watu wa chini, akawatibu maradhi yao, na akawasomesha kama anavyosomeshwa mtoto wa mngwana yeyote. Kutokana na darsa hizo ukasimama Msikiti wa Riyadha, na wanafunzi waliotoka hapo wakatawanyika Afrika Mashariki nzima kwenda kufungua vyuo vyao.

Naomba tuiangalie tarehe. Sheria iliyokomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907. Habib Saleh alikuwa ameshawakalisha watoto wa watumwa kwenye darsa kabla serikali haijawatangazia kuwa wako huru. Na uhuru wa kwenye karatasi, kama mjuavyo, haukumfanya mtu aitikiwe salamu barabarani. Kilichomfanya aitikiwe ni kuwa sasa anaweza kusimama mbele ya jamaa akasalisha, akaandika ndoa, akasoma wasia, na mngwana aliyekuwa akimwita kwa kidole akalazimika kumwita "mwalimu".

Mfano wa pili uko Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi humjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Umanyema, ndani ya Kongo ya leo. Alisoma, akabobea, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wanazuoni wenye wafuasi wengi katika Tanganyika. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara; watu walifika pale wakiwa wamefungwa minyororo. Kwamba mmoja wao aligeuka kuwa mtu ambaye Waarabu na waungwana wa mji ule ule walikwenda kumbusu mkono na kuomba dua yake ni jambo linalonitia uzito kifuani kila ninapolitafakari. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi uongozi wa tarika na baadaye akawa nguzo ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mjini humo. Tukizungumzia mabadiliko ya jamii, basi hapo yamepita mikononi mwa vizazi viwili tu: kutoka minyororo ya msafara hadi harakati za uhuru, na katikati yake kuna chuo.

Wa tatu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu mlango alioufungua ulikuwa wa aina nyingine. Aliona kuwa maarifa yamefungiwa ndani ya Kiarabu ambacho mchuuzi, baharia na mama wa nyumbani hawakijui, akaanza mwaka 1930 kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwaandikia watu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hakuandika habari za twahara na swala peke yake. Aliandika juu ya biashara, uvivu, ubadhirifu wa arusi, kupotea kwa ardhi, kuiga Wazungu katika mambo yasiyo na faida na kuacha kuwaiga katika yale yenye faida, na juu ya wajibu wa kuwasomesha watoto wa kike. Tafadhalini fikirini jinsi ambavyo gazeti kama lile lilisomwa: mtu mmoja anayejua herufi amekaa barazani baada ya Alasiri, na kumi wengine wamemzunguka wakisikiliza. Mkeka ulikuwa umetoka msikitini ukafika barazani.

Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu kuna jeraha ambalo hatulizungumzii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamia kwa herufi za Kilatini. Sina ugomvi na herufi hizo, nazitumia sasa hivi. Lakini mtu aliyeweza kuandika barua, kuweka hesabu za duka na kusoma hati ya shamba kwa herufi za Kiarabu alilala usiku akiwa msomi, akaamka akiwa ameandikwa kwenye daftari la serikali kuwa hajui kusoma wala kuandika. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kisanduku cha barua alizoandikiana na dada yake kwa miaka mingi, na hadi anafariki kwenye fomu zote alitia dole gumba.

Nimemaliza kwa leo. Ninalowaomba mnisaidie kulijibu ni hili: madrasa zetu za sasa zinamfungulia nani mlango, na zinamfungia nani?

Mchangiaji kutoka Ujiji

Wa alaykumu salaam. Nakushukuru, ndugu yangu, kwa uzi uliotulia, ila nina mambo mawili ambayo siwezi kuyapitisha.

La kwanza, nadhani umeipa madrasa sifa ambazo nyingi ni za shule za serikali. Kijana wa pwani alipata kazi ya ukarani kwa sababu Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, wala si kwa sababu alihitimu juzuu za Kurani. Vivyo hivyo, mtoto wa Kiislamu wa bara kama mimi alipata nafasi ya sekondari kwa sababu serikali ya Tanzania ilizitaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ikazifungulia watoto wote bila kuulizana dini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo hapa Ujiji, tena mwenye sauti ambayo wavuvi waliisikia wakiwa majini, lakini yeye mwenyewe alinishika mkono kunipeleka shule, akaniambia kuwa alichonacho yeye hakitanitosha.

La pili linahusu huyo Habib Saleh. Naiheshimu kazi yake. Lakini yeye alikuwa sharifu, na heshima aliyopewa ilitokana kwa kiasi kikubwa na nasaba yake. Je, hatuwezi kusema kuwa ngazi ya wangwana ilivunjwa, ikasimamishwa nyingine ya masharifu mahali pake? Mtumwa aliacha kumbusu mkono bwana wake, akaanza kumbusu mkono mwalimu wake. Nauliza kwa nia njema kabisa.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Ujiji, maswali yako ni mazito, na la pili nalikubali kwa zaidi ya nusu. Ni kweli kuwa nasaba ilibaki na uzito wake, na wapo wanazuoni wa pwani, Sheikh Al-Amin akiwa mbele yao, walioandika wazi kuwa mtu hutukuzwa kwa elimu na ucha Mungu wake. Ila tofauti moja naiona. Utumwa haukuwa na mlango wa kutokea, kwani hata ufanye nini ulibaki mtumwa wa fulani. Elimu ilikuwa na mlango, na Sheikh Ramiya, ambaye hakuwa sharifu wala mwana wa mtu, aliupita. Mkono uliobusiwa Bagamoyo ulikuwa wa mtu aliyewahi kununuliwa sokoni.

Kuhusu shule ya Tanga, naomba tuulize kwa nini wazazi walikubali kupeleka watoto pale. Shule ile haikuhubiri Ukristo, ilisomesha kwa Kiswahili, na wengi wa watoto waliofika walikuwa wameshakaa chuoni, wakajua kutulia, kusikiliza, kushika kalamu na kuandika kutoka kulia. Kuwafundisha kuandika kutoka kushoto ilikuwa ni kazi ya miezi. Zanzibar lilitokea jambo kinyume chake: shule za serikali za wakati wa ukoloni zilikaa miaka mingi na madawati matupu vijijini, kwa sababu wazazi hawakutaka kumtoa mtoto chuoni akakose Kurani, na mambo yalianza kubadilika serikali ilipokubali kuiingiza Kurani kwenye ratiba na kuwaingiza waalimu wa vyuo ndani ya shule. Kwa hiyo taasisi hizi mbili zilipogombana wote walipoteza, na zilipopatana mtoto alifaidika.

Baba yako, Mungu amrehemu kama ameshatangulia na amhifadhi kama yu hai, aliyajua hayo kuliko sisi sote. Kinachonihuzunisha ni hili neno tulilolizoea la "elimu dunia" na "elimu ahera", kama kwamba ni maduka mawili yanayogombea mteja mmoja. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1912, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alifanya kazi kwa miaka mingi kama mwalimu wa shule za serikali. Tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, baada ya ile ya Padri Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ile ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, na ninaamini kuwa ule ufafanuzi wake, wa mtu anayemweleza jambo mwanafunzi aliyekaa mbele yake, aliutoa darasani, mbele ya ubao na chaki. Hakuona kuwa anaishi maisha mawili.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ninasoma uzi huu kwa hamu, lakini naona tunawazungumzia masheikh wakubwa na kuwasahau watoto. Naomba niseme kitu kwa uchungu.

Nilisoma kwenye madrasa moja ambayo sitaitaja jina. Tulikuwa wengi kwenye chumba kimoja, mwalimu mmoja, na fimbo ya mkwaju iliyokuwa ikilowekwa kwenye maji ya chumvi. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi. Kila ilipofika zamu yake kusoma alipigwa, kwa sababu mwalimu aliamini kuwa anafanya makusudi. Siku moja hakuja. Hakuja tena. Baadaye nilimkuta bandarini akiwa mchukuzi, mtu mzima mwenye watoto, akaniambia kuwa mpaka leo hawezi kusoma Alhamdu kwa sauti mbele ya mtu, hata mke wake. Husali kimya kimya.

Mwanzisha uzi ameuliza madrasa zinamfungia nani mlango. Jibu langu ni huyo. Nasi tuliobaki ndani tulihitimu bila kujua maana ya aya hata moja. Nilijua kusoma Surat al-Maun yote, ile inayomlaumu anayemsukuma yatima, na tulikuwa tukiisoma kwa sauti moja huku yatima mmoja amesimamishwa pembeni kwa kutoleta pesa za Alhamisi, ile ada ya mwalimu ya kila wiki. Nilikuja kuielewa sura ile nikiwa na miaka thelathini, nikaifunga Kurani, nikashindwa kuendelea kwa muda.

Mwalimu wa watoto wadogo, kaskazini mwa Mombasa

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimesita kuandika, ila maneno ya kaka yetu wa Tanga hayakuniacha nilale. Kaka yangu, pole sana. Aliyotendewa mwenzio yule hayana hoja ya kuyatetea, na mimi sitayatetea.

Niseme ninayoyajua. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimlalamikia Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, kuwa watoto wao wanashindwa mapema shuleni, wengi hawafiki mbali, na wakamwomba msaada. Kutokana na ombi hilo ukaanza, Mombasa mwaka 1986, mpango wa madrasa za watoto wadogo ulioongozwa na Bi Swafiya Muhashamy-Said, mama aliyekuwa mwalimu kwa muda mrefu. Aliwaendea wazee mtaa kwa mtaa, akakaa nao, akawauliza wanataka mtoto wao ajue nini. Wakasema Kurani na adabu, na wakasema pia aweze kuingia darasa la kwanza bila ya kuaibika. Akawaambia kuwa yote hayo yanawezekana chini ya paa moja. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule na kukaa nyumbani nikingoja kuposwa, nikachaguliwa na kamati ya mtaa wetu kwenda kufunzwa ualimu wa aina hiyo. Siku ya kwanza tulipokewa na magunia. Ndani yake mlikuwa na vifuu vya nazi, komwe, kokwa za ubuyu, makombe ya pwani, vifuniko vya soda, mabaki ya kanga kutoka kwa mafundi cherehani. Tukaambiwa kuwa hivyo ndivyo vifaa vyetu, maana kila mtaa unavyo na hakuna anayevinunua. Nilidhani ni mzaha. Baada ya wiki mbili nilimwona mtoto wa miaka minne akipanga komwe tano tano kwenye vifuu, kisha akanihesabia rakaa za siku nzima: mbili za Alfajiri, nne za Adhuhuri, nne za Alasiri, tatu za Magharibi, nne za Isha. Akajumlisha, akapata kumi na saba. Hakuna aliyemshikia fimbo. Alikuwa anacheza.

Mabadiliko makubwa, hata hivyo, sikuyaona kwa watoto. Niliyaona kwa sisi wenyewe. Kabla ya hapo mwanamke mtaani kwetu alikuwa akisomesha Kurani uani kwake, watoto wa jirani, na akiitwa "bibi" tu. Baadaye msichana wa miaka ishirini akawa anakaa kwenye kikao cha kamati, na wazee wenye vilemba wanamsikiliza akisoma mapato na matumizi. Wapo waliopinga. Kamati moja, ambayo nayo sitaitaja, ilinikubalia kufundisha na kunikatalia kushika funguo za jengo, nikawa nangoja nje asubuhi na watoto hamsini mpaka mzee mmoja aamke. Ilichukua muhula mzima.

Na mshahara, ndugu zangu. Mtaongea juu ya mitaala na kukariri usiku kucha, lakini mwalimu wa madrasa anayelipwa kwa kile tu ambacho mzazi atakuwa nacho atachoka, na aliyechoka ndiye anayechukua fimbo. Nasema hivi bila kumwondolea lawama mwalimu wa kaka yetu.

Mchangiaji kutoka Ujiji

Dada mwalimu, umenifundisha kitu, na naondoa nusu ya ubishi wangu wa awali. Nusu iliyobaki ni hii: watoto wadogo wamefunguliwa mlango, nimekubali. Je, mwanamke mtu mzima, ambaye chuo alikiacha alipovunja ungo, na shule hakuiona, elimu hii inambadilishia nini? Maana ndiye aliye wengi.

Mwalimu wa watoto wadogo, kaskazini mwa Mombasa

Nitakujibu kwa jambo lililotokea kwetu, kaka yangu, bila ya kutaja majina.

Tuna darsa ya kina mama kila Jumatatu baada ya Adhuhuri. Kwa miaka ilikuwa ni twahara, hedhi na nifasi, na haki za mume. Mwaka mmoja tukamwomba ustadhi aliyekuwa akitusomesha atufundishe mirathi. Alishangaa, akasema kuwa hiyo ni hesabu ngumu ya makadhi. Tukamwambia kuwa sisi tunagawa biriani ya arusi ya watu mia tatu bila ya mtu kukosa, basi atujaribu. Akakubali, na akawa mwalimu mzuri sana.

Tulianza na majina ambayo Kiswahili chetu kimeyahifadhi siku zote: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Mke hupata robo ya alichoacha mumewe ikiwa marehemu hana mtoto, na thumni ikiwa anaye. Akachukua makombe arubaini, yale yale ya watoto wangu, akayapanga kwenye mkeka, akasema: hii ni minazi arubaini. Mtu amefariki, madeni na wasia vimeshatolewa, wazazi wake walitangulia, ameacha mke, wana wawili wa kiume, binti mmoja, na ndugu zake wawili wa kiume. Nani atachukua nini? Tukahangaika. Mwishowe mke akapata mitano, kila mwana wa kiume kumi na minne, binti saba. Makombe yakaisha mkekani. Mama mmoja akauliza, "Na ndugu wa marehemu je?" Ustadhi akasema kuwa wakiwapo wana wa kiume, ndugu hawana kitu.

Mkeka ulinyamaza. Kulikuwa na mjane pale, mumewe alikuwa mgema, na shamba lake tangu afariki lilikuwa likiangushwa nazi na shemeji zake, ambao kila baada ya kuangua humletea mafungu mawili ya nazi na kumwambia kuwa ni sadaka. Alikuwa na watoto watatu, wana wawili wa kiume na binti mmoja, sawa na wa mfano ule. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akayachukua makombe matano, akayafunga kwenye pindo la kanga yake, akaondoka nayo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitambua Mahakama za Kadhi katika kifungu cha 170, lakini mahakama haimfuati mtu nyumbani kwake. Lazima ajue kwanza kuwa ana haki ya kudai. Yule mama alijua kwenye mkeka, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, kwa hesabu ya makombe. Tulikwenda naye wanawake sita, tukavaa mabuibui yetu, tukakaa kwenye benchi la mahakama kuanzia asubuhi. Aliulizwa anadai nini. Alisema, "Thumni yangu, na haki za wanangu," kwa lafudhi ya mtu aliyesoma.

Umeuliza elimu hii inambadilishia nini mwanamke kama huyo. Shemeji zake hawakuwa wezi wa kawaida. Walikuwa wakiswali safu ya mbele, na nadhani nao hawakujua, au walijua na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa mwanamke naye anajua. Mmoja wao hadi leo hasemi nasi. Mwingine alimleta mkewe kwenye darsa.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Nimekaa na jibu lako tangu jana. Nilipoanzisha uzi huu niliuliza swali nikidhani kuwa jibu lake liko kwenye historia za Lamu na Bagamoyo, kumbe kuna mtu analijibu kila Jumatatu baada ya Adhuhuri.

Naomba unisaidie jambo moja la utekelezaji. Kwetu tuna darsa ya kina mama ya watu kama thelathini, nami ninataka kumshawishi mwalimu wao aanze mirathi. Ninahofia kuwa atakataa kwa hoja ile ile ya ugumu wa hesabu. Je, mlianzia na mfano huo wa minazi arubaini, au kulikuwa na mepesi zaidi kabla yake? Na yule binti wa minazi saba, aliipata?

Mwalimu wa watoto wadogo, kaskazini mwa Mombasa

Tulianza na mke na mwana mmoja wa kiume tu, makombe manane: moja la mama, saba la mwana. Hilo hata mtoto analielewa, na baada ya hapo mwalimu mwenyewe atapata moyo. Kisha ongezeni binti, kisha mama wa marehemu mwenye sudusi yake, polepole, na kila mara waacheni kina mama wayashike makombe kwa mikono yao wenyewe. Mkiwaandikia ubaoni watanakili na kusahau.

Kuhusu binti, minazi yake saba imetajwa kwenye hukumu, lakini iko katikati ya mafungu ya kaka zake, na bado haijatiwa alama. Mama yake amepata rangi nyeupe. Tumepanga kwenda kuipaka vigogoni Jumamosi hii, yeye, binti, kaka zake wote wawili na sisi wanawake sita.